TAUNI YA AMWAS NA KORONA: JE, KUJIKINGA NI KUKIMBIA KADARI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Amma baad.

 Somo letu linahusu jambo ambalo wakubwa miongoni mwenu mlilishuhudia kwa macho yenu, na wadogo mtalisikia kama kisa. Nalo ni mwaka 2020, yalipoingia maradhi ya korona, misikiti ikafungwa na watu wakagawanyika. Wako waliosema kufunga msikiti ni udhaifu wa imani, na wako waliosema ni sharia yenyewe inayoamrisha hivyo. Mimi mwenyewe nilianza upande wa kwanza, na nitaeleza jinsi nilivyotoka huko.

Kwanza tukumbushane yalivyokuwa. Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na baada ya siku mbili likaja agizo la kufunga skuli. Madrasa nazo zikafungwa. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, kutoka saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ya kwanza watu walisongamana kwenye kivuko cha Likoni wakitaka kuwahi nyumbani, na askari wakawarushia vitoa machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungiwa, hakuna kuingia wala kutoka. Ramadhani ikaingia mwezi huo huo. Hapa kwetu Magharibi huingia karibu saa kumi na mbili u nusu na Isha ni baada ya saa moja na nusu, kwa hiyo Isha na Tarawehe zote ziliangukia ndani ya kafyu. Hata kama milango ya misikiti ingekuwa wazi, nani angefika?

Pamoja na hofu kulikuwa na uvumi. Zilizagaa habari kuwa mtoto mchanga amezaliwa mahali akasema watu wanywe chai ya rangi ndipo wapone, na watu wakaamshana usiku wa manane kuchemsha maji. Wengine walifungua misahafu kutafuta unywele ndani yake, wauroweke wanywe. (Msahafu unaosomwa kila siku haukosi unywele wa msomaji, jamani.) Na jirani zetu wa Tanga na Dar es Salaam walikuwa wakiswali misikitini, kwani Tanzania haikufunga nyumba za ibada. Wanafunzi wakauliza: vipi wao wanaswali na sisi tumezuiwa, na dini ni moja?

KOSA LANGU

Katika darsa ya mwisho kabla ya kufungwa madrasa, nilisimama mbele ya wanafunzi nikasema kuwa Mtume (S.A.W.) amekanusha maradhi kuambukiza, na kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu haiwezi kuwa mahali pa kupata ugonjwa. Hadithi niliyoitegemea ni sahihi. Lakini niliichukua kipande.

Baada ya wiki moja mama wa mwanafunzi mmoja alinisimamisha njiani, akabaki mbali nami kama hatua tatu hivi. Akasema, "Maalim, samahani. Mtoto amerudi nyumbani akamwambia nyanya yake kuwa maalim amesema hakuna kuambukizana. Sasa mama hataki kukaa ndani. Kila palipo na msiba anakwenda, na yeye ana pumu. Nikimzuia ananiambia, wewe unajua zaidi kuliko maalim?"

Sikuwa na jawabu. Nilimwambia nitampigia simu mama mkubwa, nikaenda nyumbani kufungua vitabu ambavyo ilinipasa nivifungue kabla ya kusema.

HADITHI ISOMWE NZIMA

Katika hadithi ile ile inayokanusha maambukizi, imo amri ya kumkimbia mwenye ukoma kama mtu anavyomkimbia simba. Na katika riwaya nyingine Mtume (S.A.W.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke walipo ngamia wazima. Vipi basi akanushe maambukizi kisha aamrishe kujitenga?

Wanazuoni wameyakusanya maneno haya. Waarabu wa zama za ujahiliya waliamini kuwa ugonjwa unahama kwa nguvu zake wenyewe, bila ya idhini ya Mwenyezi Mungu. Hilo ndilo lililokanushwa. Ndiyo maana bedui alipouliza juu ya ngamia wake wazuri walioingiliwa na ngamia mwenye upele wakaupata wote, Mtume (S.A.W.) alimuuliza, yule wa kwanza alimuambukiza nani? Kisha ikathibitishwa kuwa kuchanganyika ni sababu, kama moto ulivyo sababu ya kuunguza, na Muislamu hutakiwa kujiepusha na sababu ya madhara. Ndivyo alivyofanya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Ulipokuja ujumbe wa kabila la Thaqif na ndani yake mtu mwenye ukoma, alimtumia habari kuwa bai'a yake imekubaliwa na arejee alikotoka. Bai'a ni jambo la kupeana mikono, na mtu yule hakupewa mkono.

SAYYIDNA UMAR NJIANI KWENDA SHAM

Mwaka 18 Hijria, sawa na mwaka 639 Miladia, tauni iliipiga Sham. Ikaitwa tauni ya Amwas kwa jina la mji wa Palestina ilikoanzia. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa safarini kuelekea huko, na alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake wakiongozwa na Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.) wakamlaki na habari ya maradhi.

Tazameni alivyofanya khalifa. Aliwaita Muhajirina akataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, na hao wakakubaliana kwa neno moja: arudi na watu. Akatangaza kurudi. Hapo Abu Ubayda akamuuliza kama wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Swali hilo hilo nililiuliza mimi darasani, tena kwa kebehi, na Abu Ubayda aliliuliza kwa uchungu wa dini.

Jawabu la Sayyidna Umar ni kuwa huko wanakorudi pia ni kadari ile ile ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na moja kavu. Akichunga kwenye malisho, amechunga kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, na akichunga kwenye ukavu, ni kadari pia. Mchungaji mwenye akili atachagua wapi? Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf (R.A.), ambaye hakuwapo kwenye shauri, akaeleza kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akifundisha kuwa watu wakisikia tauni iko katika nchi wasiiingie, na ikiwakuta ndani ya nchi wasitoke kuikimbia. Sayyidna Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akaondoka.

Hukumu hii ina pande mbili. Walio nje wasiingie, walio ndani wasitoke. Abu Ubayda alibaki na watu wake Sham akafa huko kwa tauni, na baada yake Muadh bin Jabal (R.A.) naye akafa. Uongozi ukamfikia Amr bin As (R.A.), akawaamuru watu watawanyike milimani, kwani maradhi yale alıyafananisha na moto uwakao. Mmoja katika walioikuta sohba ya Mtume alimpinga vikali. Lakini watu wakatoka, na Mwenyezi Mungu akaiondoa tauni. Habari zilipomfikia Sayyidna Umar, hakulichukia alilofanya Amr.

Basi tulipofungiwa Mombasa mwezi wa Aprili 2020, wako walioona ni jambo geni la kizungu. Mimi nalipata kuliona limo ndani ya Sahihi Bukhari muda wote huo.

ADHANA YA KUSWALI NYUMBANI

Tarehe 13 Machi 2020 waadhini wa Kuwait waliadhini wakaongeza maneno ya kuwataka watu waswali majumbani mwao, na watu wengi walilia waliposikia. Baadhi wakasema adhana imebadilishwa. La, haikubadilishwa. Ibn Abbas (R.A.) siku moja ya Ijumaa yenye mvua na matope alimuamuru mwadhini atangaze maneno hayo hayo badala ya kuwaita watu waje. Waliohudhuria wakastaajabu. Akawajibu kuwa hayo ameyafanya aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (S.A.W.), na kwamba Ijumaa ni wajibu lakini amechukia kuwatoa watu watembee kwenye matope na utelezi.

Matope, ndugu zangu. Na aliyekula kitunguu thomu kibichi amekatazwa kuukaribia msikiti kwa ajili ya harufu inayowaudhi watu. Ikiwa harufu ya kinywa ni sababu, pumzi inayoweza kumuua mzee aliye safu ya pili itakuwaje?

Yuko atakayesema kuwa wakati wa balaa ndio wa kukusanyika kuomba dua. Imam Ibn Hajar Al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, Badhlul Maaun, na yeye mwenyewe alifiwa na mabinti zake kwa maradhi hayo. Anasimulia kuwa mwaka 833 Hijria tauni ilipoanza Cairo, waliokuwa wakifa kwa siku hawakutimia 40. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka jangwani mkusanyiko mkubwa, wakaomba, wakarudi. Mwezi haukwisha ila waliokufa kwa siku walizidi 1000. Huyu ni mfafanuzi wa Sahihi Bukhari, si mtu wa kudharau dua. Lakini dua ya mtu mmoja chumbani kwake inasikiwa.

MASUALA YALIYOULIZWA

Wengi waliuliza kama waweza kuswali Ijumaa nyumbani kwa watu watano au sita. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii Ijumaa ina sharti ya wanaume 40 wakaazi, basi waliobaki nyumbani waliswali Adhuhuri rakaa nne, na hawana dhambi. Tarawehe yaswihi nyumbani, kwa jamaa au peke yako. Sala ya Idi vile vile, na anayeiswali peke yake hana khutba.

Zito zaidi lilikuwa la maiti. Kuoshwa ni haki ya maiti wa Kiislamu, na pasipowezekana kumuosha, hufanyiwa tayamamu. Hukumu hii imo vitabuni tangu zamani kwa maiti aliyeungua akahofiwa kuharibika kwa maji. Waliozikwa na watu wachache, jamaa zao wakiwa wamezuiwa njiani, walikuwa na njia ya kuswaliwa: sala ya ghaibu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomswalia Najashi hali yuko Madina na Najashi amefia Uhabeshi. Niliwajua watu walioumia miezi mingi kwa kutomzika mzazi, na hakuna aliyekuwa amewaambia hilo.

Kuhusu Hija, mwaka 2019 mahujaji walikaribia milioni mbili na nusu. Mwaka 2020 waliruhusiwa kama 1000 tu, wote wakiwa tayari ndani ya Saudi Arabia, na mwaka 2021 pia hakuna aliyetoka nje. Ilipofunguliwa mwaka 2022 likawekwa sharti la umri usiofika miaka 65. Mzee wa miaka 64 aliyekuwa ameshalipa mwaka 2020 akajikuta amepitwa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2023, ila wengine hawakuufikia mwaka huo. Nia zao Mwenyezi Mungu anazijua.

NYANYA NA MJUKUU

Nilimpigia simu yule nyanya, nikamwambia nilikosea. Hakunikasirikia. Aliniuliza tu, "Sasa maalim, na wale wote waliokusikia utawapigia simu?" Nilikuwa na nambari za wazazi kama thelathini. Niliwapigia kwa siku tatu.

Mwezi wa Julai 2020 nyumba za ibada zilipofunguliwa, kila ibada iliwekewa watu wasiozidi 100 na muda wa saa moja, na walio chini ya miaka 13 na walio juu ya miaka 58 hawakuruhusiwa. Madrasa zikabaki zimefungwa. Kwa hiyo yule nyanya na yule mjukuu, aliyekuwa na miaka 11, wote wawili walibaki nyumbani, wakiswali pamoja kama walivyoswali Ramadhani nzima. Kijana akaniletea suala kwa simu ya mamake: yeye hajabaleghe, je, sala ya nyanya nyuma yake inaswihi?

Jawabu: inaswihi katika madhehebu ya Imam Shafii, maadamu mtoto ameshapambanua na anaijua sala. Dalili ni Amr bin Salima (R.A.), aliyewaswalisha watu wake naye ni mtoto wa miaka sita au saba, kwa kuwa alihifadhi Qur'ani zaidi kuliko wao. Nyanya husimama nyuma yake, si ubavuni. Na akikosea kisomo, nyanya humtanabahisha, naye hurudia aya.

Wallahu aalam.