Somo la Kiingereza: Kutisha na Kutishia



Leo tujifunze maneno mawili ya Kiingereza: frighten na threaten. Yote mawili yanahusu kumtia mtu hofu, lakini maana zake si moja. Siku ya mahojiano, ukitumia moja mahali pa lingine, afisa anaweza kuandika jambo ambalo hukulikusudia.

1. FRIGHTEN hutamkwa fraiten. Maana yake ni kutisha. Kinachotisha chaweza kuwa mtu, mnyama au kitu kisicho na nia yoyote. Mfano: The thunder frightened the children. Yaani, ngurumo iliwatisha watoto.

2. THREATEN hutamkwa threten, na th yake ni kama ya "thamani". Maana yake ni kutishia: mtu anakuonyesha kwa maneno, barua au kitendo kwamba atakudhuru. Mfano: They threatened to burn our house. Yaani, walitishia kuchoma nyumba yetu.

Kiswahili nacho kinatofautisha. "Alinitisha" na "alinitishia" yanapishana kwa herufi moja tu, lakini anayetishia anaahidi ubaya.

Makosa ya kawaida

Ukitaka kusema unaogopa, usiseme I am frightening. Hapo umesema kwamba wewe ndiwe unayetisha watu! Sema: I am frightened.

Kwa "alitishia kuniua", usiseme He threatened me to kill. Sema: He threatened to kill me.

Kwa nini ni muhimu?

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unazungumzia hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Ukisema tu I was frightened, afisa anajua uliogopa, lakini hajui uliogopa nini. Ukisema I was threatened, tegemea maswali: Nani alikutishia? Lini? Alisema nini? Kwa sababu gani? Jitayarishe kuyajibu.

Lakini kama hakuna aliyekutishia, usiseme ulitishiwa. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 unawatambua pia watu waliokimbia vita na machafuko makubwa. Aliyekimbia milio ya risasi aseme hivyo hivyo. Maelezo yasiyolingana yanaweza kukuharibia.

Kama Kiingereza bado kinakusumbua, omba mkalimani ueleze kwa lugha unayoijua vizuri. Omba usomewe maelezo yako kabla ya kutia sahihi. Ukisikia neno lisilo lako, sema lisahihishwe papo hapo. Usione haya.

Zoezi

Jaza frightened au threatened:

1. The men ______ to take my son.
2. The noise of the guns ______ my mother.
3. My little daughter is ______ of the dark.

Majibu: 1. threatened. 2. frightened. 3. frightened.

Umepata yote? Sasa mfundishe jirani yako ambaye hajui kusoma. Naye ana siku yake ya kuhojiwa.