GARI LETU LINAKWAMA: TUNUNUE NINI KWANZA?



Somo letu leo ni gari. Siyo gari la mjini, ni lile pikapu la kikundi linalobeba mahindi kutoka Nyambureti kwenda Mugumu, na saa nyingine usiku linambeba mama aliyeshikwa na uchungu. Masika yakianza mwezi wa tatu, gari linakwama. Basi wanakikundi wanaitana mkutano. Mmoja anasema tununue matairi makubwa kama ya magari ya watalii. Wa pili anataka minyororo. Wa tatu amesikia kwa fundi kwamba kuna difu yenye loki, ati ukiwa nayo hukwami tena. Fedha ni za michango, hazitoshi kununua vyote. Tukikosea kununua, mwaka ujao mgonjwa atalala njiani na fedha zimekwisha. Kwa hiyo tuelewe kwanza, ndipo tupige kura.

KWA NINI GURUDUMU MOJA LINAZUNGUKA BURE?

Jambo hili mmeliona. Gari limesimama kwenye matope. Gurudumu moja la nyuma linazunguka mbio na kurusha tope, la pili limetulia kimya juu ya ardhi kavu. Dereva anakanyaga mafuta, hali ni ileile. Mbona lile lililo pakavu halisukumi?

Jibu limo ndani ya bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Bonge hilo ndilo difu. Gari likipinda kona, gurudumu la nje linakwenda mwendo mrefu kuliko la ndani, kama maksai wa nje anavyotembea zaidi mnapogeuza plau mwisho wa shamba. Difu inayaruhusu magurudumu mawili yazunguke bila kulingana. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke. Bila difu, matairi yangeburuzika na kuisha upesi kwenye kona.

Lakini difu ina ubaya wake. Fikirini nira. Mnyororo wa plau umefungwa katikati ya nira. Maksai mmoja akilegea, nira inageuka upande. Yule mwenye nguvu anatangulia, lakini plau haivutwi, maana mwenzake hakushika upande wa pili. Difu ni nira ya namna hiyo. Nguvu inayofika kwenye gurudumu la pakavu ni sawa na ile ndogo ya gurudumu linaloteleza, haizidi.

Loki ya difu ni kama kuifunga nira kwa kamba isigeuke. Hapo maksai mwenye nguvu anaweza kuvuta peke yake.

Je, gari linalosukumwa na magurudumu manne? Nalo linakwama. Ekseli ya mbele ina difu yake na ya nyuma ina yake. Moja la mbele likiteleza na moja la nyuma likiteleza, yale mawili yaliyo pakavu yanatazama tu.

SOMENI MAANDISHI YA GARI

Kabla ya kununua chochote, tazameni katikati ya magurudumu ya mbele. Katika Toyota Land Cruiser nyingi za zamani kuna kifuniko cha kugeuza kwa mkono, kimeandikwa maneno mawili ya Kiingereza: FREE na LOCK. FREE maana yake gurudumu la mbele limeachiwa, halisukumi. LOCK maana yake limefungwa, litasukuma. Ndani ya gari, kwenye gia ndogo, mtaona H2, H4 na L4. H2 ni magurudumu mawili. H4 ni manne. L4 ni manne kwa mwendo mdogo na nguvu nyingi.

Sasa dereva anaweka H4, lakini vifuniko viko FREE. Anadhani anasukuma kwa manne, kumbe ni mawili tu. Watu wanashuka, wanasukuma, wanachafuka nguo, na dawa yake ilikuwa kugeuza vifuniko viwili. Haigharimu hata senti.

UPEPO NA MATAIRI

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti kuelekea Ndabaka, ukilowa unanata na kuteleza. Unajaza meno ya tairi mpaka linakuwa laini kama kipara. Hapo punguzeni upepo. Tairi lililokuwa na 40 kwenye geji likishushwa hadi 25, linatanuka na kushika eneo kubwa zaidi. Punguzeni mzigo pia. Endesheni polepole, na mkifika barabara ngumu jazeni tena. Kama tairi lina tyubu msizidishe kushusha, maana linaweza kuteleza kwenye rimu na kukata mdomo wa tyubu. Kwa kazi hii mnahitaji geji na pampu. Ongezeni na koleo.

Na yale matairi makubwa? Tupige hesabu. Tairi la 7.50 kwa 16, ambalo magari mengi ya aina hii hutumia, lina kimo cha karibu sentimita 80. Tuseme mnanunua la sentimita 88. Mnadhani gari limeinuka sentimita 8. Hapana, ekseli iko katikati ya tairi, kwa hiyo imeinuka sentimita 4 tu. Na nguvu ya kusukuma ardhi imepungua: mahali palipokuwa na kilo 88 sasa pana kilo 80. Tena kipima mwendo kinadanganya: kikisema 50, mnakwenda 55. Shafti zilizo ndani ya ekseli nazo zinabeba taabu zaidi. Land Rover za zamani zilijulikana kwa kuvunja shafti za nyuma hata kwa matairi yake ya kawaida.

Sisi hatukubaliani na wanaoanza na matairi makubwa. Badilisheni yaliyo vipara, kimo kilekile, yenye meno marefu yaliyoachana ili tope litoke.

MINYORORO AU LOKI?

Minyororo ni rahisi kuliko loki. Ifungeni kwenye magurudumu yote mawili ya ekseli moja, na kabla ya kuingia topeni. Kuifunga wakati gari limezama ni kazi ya kulia. Kwenye barabara ngumu ifungueni.

Loki inafaa ikiwa njia yenu ina makorongo, mahali ambapo gurudumu moja huning'inia hewani. Wekeni ya nyuma kwanza, kwa sababu mzigo uko nyuma. Lakini mwulizeni fundi habari za shafti kabla ya kulipa. Kwa difu ya kawaida shafti mbili zinagawana nguvu sawa. Mkifunga loki, moja inaweza kubeba yote. Shafti iliyochoka itakatika, na hapo hamna gari. Loki itumike kwenye matope tu, polepole. Pakavu ifungueni.

Na dereva je? Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda Mashindano ya Safari kwa gari dogo la Volvo, lililosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nendeni kwenye gari lenu. Vifuniko vya mbele vimeandikwa nini, na leo vimegeuzwa upande gani?
2. Tairi la sentimita 80 likibadilishwa na la sentimita 90, ekseli itainuka sentimita ngapi?
3. Taja mahali ambapo gari lenu hukwama kila masika. Ni tope la kunata, mchanga au korongo? Kwa mahali hapo, mtanunua nini kwanza?
4. Pampu na geji zitakaa kwa nani, na ufunguo atakuwa nao nani usiku?