Kishikwambi Kimoja, Wanafunzi Themanini

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, serikali ya Tanzania iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viende kwa walimu. Kenya ilikuwa imepita njia nyingine: kuanzia 2016 ilipeleka vifaa kwa wanafunzi wenyewe, wakianza wa darasa la kwanza. Makala haya yanamhusu mwalimu wa hali ile ya kwanza, mwenye kishikwambi au simu janja moja, bando la kubana, na darasa lililojaa hadi mlangoni.

Fungua andalio lako la somo kwanza, utafute mahali ambapo chaki hushindwa. Moyo unavyosukuma damu ni vigumu kuuchora ukaeleweka. Video ya dakika mbili inatosha. Vivyo hivyo matamshi ya Kiingereza, hasa kama mwalimu mwenyewe hana uhakika nayo. Lakini jedwali la kuzidisha halihitaji umeme. Mthibiti ubora akikukuta siku hiyo unafundisha kwa chaki, hujakosea.

Kuna jambo ambalo semina nyingi hulipita haraka: kioo cha kishikwambi kinawatosha watoto sita, labda saba wakibanana. Ukikiinua mbele ya darasa la themanini, wa nyuma wataona mwanga tu, nao wataanza zogo, na hawatakuwa na kosa. Sauti ndiyo inayofika kwa wote. Kwa hiyo darasa kubwa lianzie kwenye sauti: hadithi iliyorekodiwa, mahojiano na mzee wa kijiji kuhusu kilimo cha zamani, imla iliyosomwa na mwalimu mwenzako. Spika ndogo ya blututhi itasaidia zaidi kuliko kishikwambi cha pili. Picha na video ziwe za vikundi: kikundi kimoja kinatazama, vingine vina kazi ya kuandika, na zamu zinasambazwa kwenye vipindi vya wiki nzima. Kulazimisha vikundi vyote viingie ndani ya dakika 40 ni kujitafutia fujo.

Kwa walimu wa madarasa ya chini wanaofundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kinasa sauti kina kazi kubwa zaidi kuliko programu yoyote ya kulipia. Mwite mtoto pembeni, asome kifungu kwa dakika moja huku unamrekodi. Baadaye, ukiwa umetulia, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa na uandike idadi daftarini. Mwezi ujao mpe kifungu kingine cha kiwango hichohicho. Utasikia kama anakwama kwenye silabi zenye "ng'" na "mb", au anakisia neno kwa kutazama herufi ya kwanza, mambo ambayo kelele za darasani huyameza. Mzazi akija kuuliza maendeleo ya mwanawe, msikilizishe rekodi zote mbili.

Intaneti isikutishe. Pakua ukiwa kwenye mtandao mzuri, utumie darasani bila mtandao. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia kwenye kifaa, ya Kiswahili ikiwemo. Kolibri huhifadhi masomo na mazoezi kwa namna hiyohiyo. Na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Jaribu kila faili nyumbani, hadi mwisho. Video inayogoma mbele ya wanafunzi hula nusu ya kipindi.

Kabla ya kuingia darasani, jaza chaji, punguza mwanga wa kioo, kisha washa hali ya ndegeni: chaji itadumu na shemeji hatapiga simu katikati ya somo. Ukiwapa wanafunzi kifaa washike, tumia mpangilio wa Android unaobandika programu moja kwenye kioo, ili asiyejua namba yako ya siri asiweze kutoka humo na kuingia kwenye picha zako au akaunti ya pesa. Mpangilio huo umo kwenye sehemu ya usalama, na walimu wengi hawajawahi kuugusa.

La mwisho linahusu picha za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Picha ya mwanafunzi kwenye "status" ya WhatsApp, au sauti yake akisoma kwa kukwama ikisambazwa kwenye kundi la walimu, si utani. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi kabla ya kurekodi, na rekodi ukishazitumia zifute. Ukitaka kuwaonyesha wenzako kazi ya darasa lako, piga picha madaftari, na majina yaliyo juu ya jalada uyafunike.