Somo: Kifafa si laana, na mgonjwa si wa kukimbiwa



Mmekwisha kujifunza amri ya mapendo. Leo tuitazame mahali panapotutia hofu: mbele ya mtu aangukaye kwa kifafa. Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

I. Yaliyotokea

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja wa mwaka wa pili wa mafundisho alianguka tulipokuwa tukisali. Mwili wake ulikakamaa, kisha ukatetemeka, povu likamtoka kinywani. Watu wakakimbilia nje. Mmoja akapiga kelele: «Msiguse mate yake!» Nami, mwalimu wao, nikatoka pamoja nao, chaki ingali mkononi. Ni bibi mmoja mzee tu aliyerudi ndani. Alikunja kikwembe chake cha juu, akakiweka chini ya kichwa cha kijana, akakaa karibu naye mpaka alipozinduka.

Jumapili iliyofuata kijana hakuja. Nakiri kwamba moyoni nilifurahi. Baada ya majuma matatu baba yake akanijia, akasema: «Mwalimu, mtoto ameacha mafundisho. Anasema, ikiwa mwalimu amekimbia, ni nani atakayebaki?»

Jioni ile nilikwenda kwao. Nilimkuta nyuma ya nyumba, akila bukari na sombe peke yake, katika sahani isiyoguswa na mwingine. Nikamwomba anisamehe. Akanyamaza kitambo, kisha akanijibu: «Mwalimu, kuanguka kwenyewe sikujui, ninapoamka kumekwisha. Lakini macho ya watu nayaona kila siku.»

Basi fahamuni neno hili: mgonjwa wa kifafa ana mizigo miwili. Wa kwanza ni ugonjwa wa mwili. Wa pili ni hofu, aibu na upweke; na huo wa pili, mara nyingi sisi ndio tunaomtwika.

II. Kifafa ni nini?

Ubongo huongoza viungo vya mwili kama mpiga ngoma aongozavyo wachezaji. Katika kifafa, ngoma huvurugika ghafula, na wachezaji wote huvurugika nayo. Halafu utulivu hurudi.

Sababu zake ni nyingi: mtoto kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa sababu ya uchafu. Tena wataalamu wameona ya kuwa kifafa ni kingi zaidi penye upofu wa mtoni, ule uletwao na mainzi wadogo weusi wa kando ya mito iendayo kasi, kama katika sehemu za Ituri. Kwa hiyo, wagawaji wa ivermektini wanapofika kijijini, msijifiche. Pengine sababu haijulikani. Lakini kutojulikana si ushahidi wa uchawi.

Duniani kuna wagonjwa wa kifafa wapatao milioni 50. Je, hao wote wamerogwa na jirani zao?

III. Maswali na majibu

1. Je, mate ya mgonjwa huambukiza kifafa?
Hapana. Wala sahani, wala kitanda, wala kushikana mikono.

2. Injili ya Marko, sura ya 9, yasimulia kijana aliyeangushwa motoni na majini na pepo. Je, kila aangukaye ana pepo?
Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1673, yafundisha kwamba kabla ya kumpunga mtu pepo ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa; na kazi hiyo ni ya padri aliyepewa ruhusa na Askofu. Yeyote anayemfunga mgonjwa kamba, kumpiga au kumnyima chakula, anamtesa tu. Tazameni jinsi Bwana Yesu alivyofanya: alimshika kijana mkono, akamwinua.

3. Je, anayesali aache dawa?
Hapana. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatuagiza kumwomba Mungu na kumpa mganga nafasi yake, kwa sababu Mungu ndiye aliyeumba dawa.

4. Je, mwenye kifafa aweza kubatizwa?
Ndiyo. Kifafa si dhambi wala si kizuizi cha Ubatizo.

IV. Mtu akianguka

Ondoeni moto, visu na mawe karibu naye. Wekeni kitu laini chini ya kichwa chake, legezeni nguo shingoni, na mtetemo ukipungua mlazeni kwa ubavu. Msimshike kwa nguvu. Msimtie kijiko, maji wala dawa kinywani. Kaeni naye mpaka arudiwe na akili. Akizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpelekeni hospitali mara moja.

V. Kwako wewe mgonjwa

Nenda kwenye kituo cha afya. Dawa iitwayo fenobarbitali yatumika tangu mwaka 1912, na bei yake si kubwa. Wagonjwa wengi wakitibiwa vizuri huacha kabisa kuanguka, hata kufikia 7 kati ya 10. Lakini imeze kila siku, wala usiiache bila shauri la mganga. Kijana wetu alijiona mzima, akaiacha. Baada ya siku chache akaangukia jikoni, na kovu liko mkononi mwake hata leo. Usiende mtoni peke yako, usipande michikichi, ulale usingizi wa kutosha, ujiepushe na pombe.

Na huzuni je? Kuhuzunika si dhambi, wala si dalili ya imani haba. Usiifungie moyoni. Mweleze mtu mmoja unayemwamini: mama, ndugu, padri au mwuguzi. Ukifikia kuchoka na maisha, sema siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

VI. Azimio la juma hili

Yule kijana alirudi kwenye mafundisho. Bado huanguka mara chache, nasi hatukimbii tena. Sahani yake ya pekee haipo; anakula pamoja na ndugu zake.

Kila mmoja wenu ajiulize: katika kijiji chetu ni nani anayekula nyuma ya nyumba? Kabla ya Jumapili, mwendee, uketi naye, ule naye katika sahani moja.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyemshika mkono kijana aliyeanguka, utuondolee hofu, ili nasi tuwashike mkono ndugu zetu. Amina.