Mwiba Usioondolewa

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wakorintho 12:7–10; Mathayo 26:36–44; Yohana 9:1–3; 2 Timotheo 4:20; Wagalatia 6:2.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 12:9. Lisome katika Biblia yako na kulikariri pamoja na jamaa yako.

Mkonge uliletwa pwani ya Tanga mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa na Richard Hindorf kutoka Florida, iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Tangu siku hizo jani la mkonge lina mwiba mgumu kwenye ncha yake, na watu wa Tanga hawakungoja upatikane mkonge usio na mwiba ndipo walime.

Wengi wetu husema, “Bwana akiniondolea shida hii, nitamtumikia.” Juma hili tutajifunza habari za mtume aliyeomba mwiba wake uondolewe, ukabaki, naye akamtumikia Mungu akiwa nao.

JUMAPILI: Ombi la Mara Tatu

*Soma 2 Wakorintho 12:7, 8. Paulo aliomba nini, na mara ngapi?*

Paulo hasemi mwiba ule ulikuwa nini. Wengine hudhani ni ugonjwa wa macho, lakini Biblia haikuutaja, na kwa sababu hiyo kila mwenye maumivu anaweza kujiona katika fungu hili. Paulo hakuona aibu kuomba uondolewe. Yesu naye aliomba mara tatu katika Gethsemane kikombe kimwepuke (Mathayo 26:36–44). Kwa hiyo kulia mbele za Mungu si upungufu wa imani.

JUMATATU: Jibu Lililokuja

*Soma 2 Wakorintho 12:9, 10. Jibu la Bwana linatofautianaje na ombi la Paulo?*

Paulo aliomba kuondolewa mwiba. Akapewa neema ya kutosha kuishi nao. Angalia kwamba mwiba wenyewe hausifiwi. Katika fungu la 7 unaitwa mjumbe wa Shetani. Maumivu hubaki kuwa maumivu. Anachokifurahia Paulo ni kwamba mahali nguvu zake zilipoishia, nguvu za Kristo zilikaa juu yake. Mtu anayejiona ameshiba uwezo hana nafasi ya kupokea. Aliye mtupu anayo.

JUMANNE: Tusiwe Rafiki za Ayubu

*Soma Yohana 9:1–3 na 2 Timotheo 4:20. Mafungu haya yanawajibuje wanaosema kila mgonjwa ana dhambi iliyofichika au imani haba?*

Wanafunzi walitafuta mwenye kosa. Yesu alitafuta nafasi ya kazi ya Mungu. Na Paulo, ambaye kwa mkono wake Mungu aliponya wengi, alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto. Hakumlaumu.

Mama mwenye kisukari akiambiwa, “Ungekuwa na imani, ungetupa dawa,” anawekewa mwiba wa pili juu ya ule wa kwanza. Paulo alimpa Timotheo shauri la tumbo lake (1 Timotheo 5:23), na Luka, tabibu, alikuwa rafiki yake mpendwa. Kwenda hospitali na kumeza dawa hakupingani na kumtegemea Mungu.

JUMATANO: Kanisa Lililobaki Peke Yake

*Soma 1 Wakorintho 1:26–29. Mungu huwachagua watu wa namna gani?*

Ujumbe wa Waadventista uliingia nchi yetu mwaka 1903, wamisionari Wajerumani Johannes Ehlers na A. C. Enns walipoanza kazi katika milima ya Upare, ile tunayoiona tukisafiri kutoka Tanga kwenda Moshi. Novemba 1914 vita vikafika Tanga yenyewe. Hatimaye vita hivyo viliwaondoa wamisionari Wajerumani, na waumini wenyeji, wengi wao wachanga katika imani, wakabaki bila waliowafundisha.

Kwa macho ya kibinadamu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini haikuwa imesimama juu ya wageni. Wenyeji walioonekana dhaifu waliendelea kusali na kufundishana, na kanisa lililoanza Upare leo limeenea nchi nzima.

ALHAMISI: Neema Huja kwa Mikono ya Watu

*Soma 2 Wakorintho 1:3, 4 na Wagalatia 6:2. Faraja tunayopewa ni kwa ajili ya nani?*

Ni rahisi kumwambia mgonjwa kwamba neema inatosha, kisha tukaenda zetu. Barabara za Ngamiani huitwa kwa namba, na katika barabara yoyote huenda yupo mshiriki ambaye hajaonekana kanisani miezi mitatu. Mara nyingi neema humfikia kwa miguu yetu: ndoo ya maji, nauli ya kwenda kliniki, mtu wa kukaa naye usiku mmoja ili anayemuuguza apate kulala.

Na tusisahau kwamba mgonjwa naye ana huduma. Aliyefiwa hujua namna ya kukaa kimya na mfiwa.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Mwaka 1892, akiwa Australia, Ellen White aliugua kwa miezi 11. Aliombewa na kupakwa mafuta, lakini hakupona mara moja. Akiwa katika maumivu aliendelea kuandika juu ya maisha ya Kristo, kazi iliyozaa kitabu *Tumaini la Vizazi Vyote*, kilichotolewa mwaka 1898. Maumivu yake hayakumzuia kumtazama Yesu.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kuikubali neema katika mateso na kukata tamaa tu?
2. Mtu ameomba miaka mingi bila kupona. Ni maneno gani tusimwambie? Tumfanyie nini badala yake?
3. Je, mwiba kama umaskini au dhuluma nyumbani unapaswa kuvumiliwa tu? Tutajuaje wakati wa kuvumilia na wakati wa kutafuta msaada?
4. Kabla ya kufunga darasa, tajeni mshiriki mmoja anayeteseka sasa. Nani atakwenda kwake juma hili, na siku gani?