SOMO: Shimizi ya zamani inakuwa patalo ya mutoto ya kulalia



Katika milima ya Masisi, Lubero na Kabare, usiku ni baridi. Watoto wengi wanalala na nguo ileile ya mchana, iliyo na udongo na pengine bado imelowa mvua. Wakisikia baridi wanasogelea mbabula, na hapo hatari inaanza. Leo tunajifunza kushona patalo ya kulalia ya mutoto wa mwaka 1 mpaka 2, kwa mikono miwili ya shimizi ya mutu mukubwa. Mashini si lazima. Sindano, uzi, makasi na lastiki vinatosha.

Kuchagua kitambaa

Tunatafuta pamba. Muchomoe uzi kidogo, muuchome inje ya nyumba. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, muache kitambaa hicho: kikishika moto kinayeyuka na kunatana na ngozi. Shimizi iliyofuliwa mara nyingi ni nzuri kwa sababu imekuwa laini. Muifue na sabuni na kuianika kwenye jua kabla ya kukata.

Kazi yenyewe

1. Kata mikono miwili pale inapoungana na bega. Kila mukono utakuwa muguu mumoja wa patalo.
2. Kata sehemu ya juu ya kila mukono ikuwe sawasawa.
3. Fumua mushono wa chini ya kwapa, kuanzia juu, santimita 18. Mikono yote miwili ilingane.
4. Geuza mukono mumoja ndani-inje. Ingiza mwingine ndani yake, uzuri uangaliane na uzuri. Shona sehemu zilizofumuliwa, toka mbele mpaka nyuma. Hapa rudia mushono mara mbili, kwa sababu ndipo patalo inapasuka haraka.
5. Kunja kiuno santimita 3, shona, acha nafasi ndogo, pitisha lastiki. Isibane tumbo.
6. Toa vifungo vya mikono, mutoto asivimeze. Funga mupasuko kwa mushono.

Mugongo wa shimizi unabaki. Muweke juu yake nguo inayomutosha mutoto, muongeze santimita 2 kila upande, mukate blauzi.

Tusisahau moto

Pamba nayo inawaka. Nguo pana inayoning'inia inashika moto upesi. Kwa hiyo patalo ifuate mwili bila kubana. Mbabula isiingie katika chumba cha kulala hata kidogo: hewa ya makala inaua watu wakiwa katika usingizi.

Nguo ya mutoto ikishika moto, mulaze chini, mufunike na blanketi nzito mpaka moto uzimike. Kisha mumwagie maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Musipake mafuta, dawa ya meno wala udongo. Nguo iliyonatana na ngozi musiibandue. Mumupeleke kwenye kituo cha afya.

Na tukumbuke: patalo ndefu haichukui nafasi ya chandarua.

Kwa mukutano ujao

Kila mumoja alete shimizi moja ya zamani na sindano. Anayejua kushona akae karibu na asiyejua, mama ao baba. Kisha tuzungumze pamoja: kwetu nyumbani, mbabula inalala wapi usiku?