Maneno Yapo, Uhusiano Umekatika: Vidokezo kwa Anayeishi na Mtu Aliyeumia Ubongo

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, mtu akirudi kutoka hospitali baada ya kiharusi au ajali ya bodaboda, watu humpima kwa salamu. Akiitikia "Marahaba", akawataja wanawe kwa majina, akawaangalia dagaa kwenye chanja na kusema hawa ni wa jana, basi kapona. Wiki mbili baadaye lawama zinaanza nyumbani. Ameambiwa akamlipe mtu, yeye akaenda kumdai. Ameambiwa aanue dagaa kabla ya kumpigia dalali simu, akapiga simu kwanza na mvua ikawakuta dagaa nje. Hapo utasikia ni kiburi, ni uvivu, na wengine watanong'ona kwamba karogwa.

Mara nyingi si lolote kati ya hayo. Ubongo ulioumia unaweza kurudisha majina ya vitu huku ukiacha nyuma kinachoyafunga pamoja: nani kamfanyia nani, kipi kimetangulia, kipi ni cha nani, kipi kinazidi kingine. Ni kama wavu uliofumuka mafundo. Nyuzi zote zipo, ila samaki wanapita. Vidokezo hivi nimewaandikia ninyi mnaokaa na mgonjwa kutwa nzima, kwa sababu wauguzi wanamwona dakika chache tu.

1. Salamu isikudanganye

Salamu, kuhesabu moja hadi kumi, siku za wiki, Fatiha, Baba Yetu: yote haya yamezoeleka mdomoni tangu utotoni, na mara nyingi hubaki hata pale usemi mwingine ulipovurugika. Mzee anaweza kuitikia shikamoo ishirini bila kosa, lakini asielewe sentensi yenye watu wawili ndani yake. Furahini kwamba salamu imebaki, maana inampa heshima yake mbele ya watu. Kipimo cha kupona kitafuteni kwingine.

2. Uliza swali, kisha ligeuze

Hiki ndicho ningependa mkishike kuliko vyote. Mgonjwa wa namna hii huitikia "ndiyo" kwa karibu kila swali, ama kwa adabu, ama kwa sababu ameyatambua maneno yaliyomo. Mwulize, "Hamisi anakudai?" Akisema ndiyo, tulia kidogo, zungumzeni mambo mengine, halafu mwulize, "Wewe unamdai Hamisi?" Akisema ndiyo tena, umepata jibu lako. Anamjua Hamisi na anajua kuna deni, ila hajashika deni limelala upande gani.

Jaribu pia sentensi kama "Juma kampigia Ali simu" na "Juma kapigiwa simu na Ali". Majina ni yaleyale na yamefuatana vilevile, lakini mpigaji amebadilika kwa sababu ya silabi chache ndani ya kitenzi. Silabi hizo ndizo zinazompotea. Wewe nyumbani sema sentensi ya moja kwa moja: anza na mtendaji, fuatisha tendo, malizia na mtendewa.

Kwa biashara ya Kibirizi jambo hili ni zito. Hapa mali nyingi huchukuliwa kwa ahadi, mnunuzi anatoka Bujumbura au ng'ambo ya Kongo, na hesabu hufungwa kwa maneno. Mtu ambaye hajui nani anamdai nani anaweza kulipa deni asilokuwa nalo, au kuuza mtumbwi akidhani anaukodisha. Wekeni mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote akae naye kwenye kila mapatano, na kila kitu kiandikwe. Kumnyang'anya daftari na kumwambia "wewe pumzika tu" ni dhuluma. Mali bado ni yake.

3. Mwite mtu kwa jina

Mwaka 1943 askari kijana wa Kisovieti, Zasetsky, alipigwa risasi ya kichwa katika mapigano ya Smolensk. Iliharibu upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya nyuma. Daktari Alexander Luria alimfuatilia kwa miaka mingi, na Zasetsky mwenyewe aliandika kurasa zipatazo 3,000 kwa muda wa miaka 25, kila neno kwa taabu, akieleza anavyoyaona mambo. Alijua kaka ni nani na baba ni nani. Lakini "kaka wa baba" na "baba wa kaka" alishindwa kuzitofautisha. Alijua tembo ni mkubwa na nzi ni mdogo, lakini ukimwuliza kama nzi ni mdogo kuliko tembo, sentensi ilimponyoka.

Sasa fikiria mazungumzo yetu ya ukoo. "Yule mtoto wa dada yake mke wa mjomba wako amefika." Hata mzima hutulia kidogo kuifungua hiyo! Kwa mgonjwa sema, "Zuhura amefika," na kama Zuhura yupo, mlete mbele yake. Picha za ndugu ubaoni zenye majina chini yake husaidia sana.

4. Sema kwa mpangilio wa kutenda

"Kabla hujampigia dalali, anua dagaa" ni sentensi mbaya kwake. Sikio linapokea simu kwanza, na mikono inafuata sikio. Sema, "Anua dagaa." Ngoja amalize. "Sasa mpigie dalali." Amri moja, kisha kimya, kisha ya pili. Anayekwambia unamfanya mtoto hajaelewa. Utoto uko kwenye sauti ya kubembeleza na kwenye kumsemea mbele za wageni, na hayo ndiyo ya kuachwa. Sentensi fupi kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima haimshushi mtu.

5. Acha "kuliko", taja namba

"Fungu hili ni ghali kuliko lile" badilisha iwe "Hili elfu tano. Lile elfu tatu." Akiziona namba mbili zimeandikwa, au noti zenyewe zimewekwa kando ya kila fungu, mara nyingi atachagua vizuri.

6. Juu, chini, ndani: onyesha

Beseni juu ya gunia na gunia juu ya beseni ni mambo mawili tofauti kabisa, na maneno ni yaleyale. Tumia mkono wako. Hili halihitaji maelezo zaidi.

7. Sikiliza amekosea vipi

Makosa ya mgonjwa yana mantiki yake, na ukiyaandika kwenye daftari utampa daktari kitu cha maana. Tuseme umemwonyesha mgebuka na jina halimjii. Mmoja atasema "sangala". Amebaki kwenye kundi la samaki, akashika jirani. Mwingine atasema "wavu". Ameacha kundi, akashika kinachoandamana na samaki kazini. Mwaka 2011 Myrna Schwartz na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 86 wa kiharusi, wakaona kwamba makosa ya namna ya kwanza yanaelekea kwenye jeraha la sehemu ya mbele ya upande wa kushoto karibu na sikio, na ya namna ya pili kwenye jeraha lililo nyuma zaidi. Maana yake, kichwani mwetu kuna namna mbili za kuhusisha vitu, kwa kufanana na kwa kuandamana, na moja inaweza kuumia huku nyingine ikibaki nzima. Mimi hili hunigusa kila nikilifikiria. Yule anayeuita mgebuka "wavu" hajapungukiwa akili; ameshika njia moja kati ya mbili.

Kuna pia kipimo cha picha cha David Howard na Karalyn Patterson wa Uingereza, cha mwaka 1992. Unaonyeshwa piramidi, unachagua kinachokwenda nayo kati ya mtende na msonobari. Piramidi na msonobari ni za mbali kwetu, basi tengeneza chako: weka karabai mezani, na pembeni dagaa na yai. Kinachokwenda na karabai ni kipi? Weka chikichi, na pembeni chupa ya mawese na chupa ya asali. Mvuvi wa hapa aliyevua kwa taa usiku wa giza maisha yake yote akichagua yai, mwandikie daktari. Usimcheke na usimsahihishe kwa haraka.

8. Mazoezi yapo mwaloni

Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache, na wengi wao wako mijini mbali na Kigoma. Kusubiri mtaalamu bila kufanya lolote ni kupoteza miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye kupona kwa kasi zaidi. Chukua kitu kimoja na kizungukeni kwa maswali: Ni nini? Kinafanya kazi gani? Nani anakitumia? Kinakaa wapi? Kinakwenda na nini? Mgebuka: ni samaki, tunamla, mvuvi anamvua, anakaa ziwani, anakwenda na ugali. Kila jibu ni uzi mmoja unaorudishiwa fundo lake, na mara nyingi jina hujitokeza lenyewe katikati ya maswali. Likigoma, mpe mwanzo: "Mge..."

Fanyeni asubuhi akiwa hajachoka, kwa muda mfupi, redio ikiwa imezimwa, mbali na kelele za injini za boti. Dakika kumi na tano kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili. Na msikate tamaa miezi sita ikipita. Kasi hupungua, lakini watu huendelea kupata nafuu hata baada ya miaka.

Ikiwa badala ya kupata nafuu anazidi kupoteza maneno mwezi baada ya mwezi, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine. Mrudisheni kwa daktari.

9. Jaribu lugha ya kwao

Nyumba za Kibirizi zina Kiha, Kibembe, Kirundi na Kiswahili chini ya bati moja. Anayejua lugha mbili au tatu anaweza kurudiwa nazo kwa mwendo tofauti, moja ikatangulia na nyingine ikachelewa. Kama hospitali ilimpima kwa Kiswahili tu, na yeye amelelewa kwa Kiha, mwambieni daktari hivyo. Nyumbani, shikilieni lugha moja mpaka mazungumzo yaishe, msimchanganyie.

10. Mtoto aliyeugua malaria kali

Watafiti wa Kilifi, Kenya, waliwafuatilia watoto waliopata malaria ya ubongo na kukuta kwamba baadhi yao wana matatizo ya lugha na kumbukumbu miaka kadhaa baadaye, wakati mwili umeshapona. Mtoto wa namna hiyo anakimbia, anacheza mpira, anaogelea ziwani, lakini darasani hashiki "gawanya kabla ya kujumlisha". Mwalimu anaona mtukutu. Mzazi, nenda shuleni useme kwa mdomo wako: mwanangu aliugua malaria, alipoteza fahamu, naomba apewe maelekezo moja moja. Viboko havirudishi kilichoumia.

11. Kinga, na saa za mwanzo

Uchunguzi wa kiharusi uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, umri wa watu ukizingatiwa, kiwango cha Dar es Salaam ni karibu mara tatu ya kile cha Hai. Presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, na haina maumivu ya kukuonya. Pima. Aliyepewa dawa za presha asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri si dalili kwamba presha imeshuka. Kwenye bodaboda vaa kofia ngumu, ufunge na mkanda wake, hata kama unatoka hapa hadi Mwanga tu. Anayepanda michikichi akague kamba yake kila siku.

Na ukiona ghafla mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, au maneno yamevurugika, tazama saa na ukariri ilikuwa saa ngapi, maana daktari ataiuliza. Usimpe kitu cha kumeza. Usianze na mganga, usingoje kuche. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, usiku huohuo, na kama uko kijiji chochote cha pwani kisicho na barabara, waamshe wenye boti.